Kadi ya familia ya polikliniki ya mtaani, zahanati ya serikali au duka la dawa: kipi kinafaa kwa magonjwa madogomadogo?

Mkunazi

Wakuu, habari za jioni.

Nimehamia Kinyerezi mwaka huu. Jirani na ninapokaa imefunguliwa polikliniki mpya, wanajiita kliniki ya familia. Unaingia bila miadi na wanafunga saa 4 usiku. Wana kadi ya familia: unalipa 180,000 kwa mwaka, halafu kumuona daktari ni bure kwa kila aliyeandikwa kwenye kadi. Dawa na vipimo unalipia mwenyewe. Asiye na kadi analipa 10,000 kila akimuona daktari. Bei hiyo mwisho tarehe 30, baada ya hapo wanasema itapanda.

Njia nyingine nilizonazo ni zahanati ya serikali, bodaboda 1,500 kwenda. Kuna duka la dawa hapa mtaani, muuzaji ni mtu mwelewa. Au kila jambo nipeleke hospitali kubwa mjini, ila hapo foleni na nauli.

Nazungumzia mafua, kikohozi, homa za watoto, kuharisha, vidonda, macho mekundu. Upasuaji haumo. Nyie wenzangu mnafanyaje? Nataka kuamua kabla ya tarehe 30.

Naomba kuwasilisha.

Kibo10

Mleta mada, umetaja bei zote ila wagonjwa hujawataja. Mko wangapi? Watoto wana umri gani? Mna bima yoyote? Kuna mwenye presha, sukari, pumu au selimundu hapo nyumbani? Mtu hawezi kukushauri kadi bila kujua hayo.

Fundi Saa

Duka la dawa, mkuu. Mafua unaenda kumuona daktari akuambie nini? Mimi na familia yangu miaka yote ni duka la dawa. Unaeleza dalili, unapewa azuma siku tatu, umemaliza. Elfu 10 ya kumuona daktari nainunulia samaki.

mama_pacha

Kaka Fundi Saa, azuma kwa mafua ni hela ya kutupa. Mafua ni kirusi, antibayotiki haimgusi kirusi. Ungekaa nyumbani na maji ya tangawizi ungepona siku zilezile.

Halafu tusichanganye. Famasi ina mfamasia na inauza dawa kwa upana. Duka la dawa muhimu, haya ya mitaani yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, lina orodha yake maalumu na halitakiwi kuvuka hapo. Mleta mada, hilo la kwako ni lipi? Cheti cha Baraza la Famasi kimebandikwa ukutani?

Fundi Saa

Dada, mimi napona. Tangawizi sijui, azuma naijua.

Tabibu wa Kata

Fundi Saa, ungepona hata bila azuma, ndiyo maana unaiamini. Kinachonitia hofu ni usugu. Nafanya kazi kituo cha afya, na tunaona vijidudu vya mkojo ambavyo dawa za kawaida havizisikii tena, kwa watu ambao hawajawahi kulazwa popote. Hiyo ndiyo UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, inayotangazwa kila mwaka mwezi Novemba. Na wewe mwenyewe, kikohozi kikifika wiki mbili, duka la dawa achana nalo, nenda ukapime makohozi. Kipimo cha TB na dawa zake serikalini ni bure. Kila mwezi tunapokea watu waliokunywa chupa za dawa ya kikohozi miezi mitatu, na nyumbani wameshawaambukiza watoto.

Mkunazi

Asanteni. Tuko sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na binti anayetusaidia kazi. Wakubwa wawili wako shule ya msingi, mdogo ana miezi 14. Bima ilikuwa ya kazini, na sasa nimejiajiri, hivyo ni fedha taslimu. Duka la dawa cheti sijakiangalia.

Nyamagana

Tupige hesabu basi. 180,000 gawa kwa 10,000 ni mara 18. Lazima nyie sita mumuone daktari zaidi ya mara 18 kwa mwaka ndipo kadi ikulipe. Mwenye mtoto wa miezi 14 na wawili wa shule anaweza kufika, simkatalii. Lakini jiulize hela ya polikliniki inatoka wapi ikiwa daktari ni bure. Inatoka maabara na dirisha la dawa. Mtu ambaye hakulipishi kwa kukusikiliza lazima akulipishe kwa kukupima.

Halafu mdogo wako yuko chini ya miaka mitano. Kwa sera, huyo serikalini hatakiwi kulipa. Mjamzito vilevile.

Chuma cha Reli

Kwa sera! Nenda na huyo mtoto wa bure uone. Utaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Mimi serikali nimeacha. Polikliniki unaingia unatoka ndani ya saa moja, unarudi kazini. Muda nao ni hela.

Tabibu wa Kata

Chuma, dawa kuisha kunatokea, siwezi kukataa. Lakini kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto, ORS na zinki, na amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwa watoto havikosekani kirahisi kwenye zahanati nyingi za serikali, na magonjwa aliyoyataja mleta mada karibu yote yanaishia hapo. Mtoto akiharisha anahitaji ORS na zinki ya siku 10 hadi 14. Hiyo ndiyo tiba. Flajili anayopewa kila mtoto anayeharisha mara nyingi haina kazi yoyote.

mama_pacha

Naomba niandike kwa urefu, kwa sababu hili bado linaniuma na mleta mada ana mtoto wa umri unaokaribia huo.

Mmoja wa pacha wangu, akiwa na miezi kumi hivi, alishikwa na kikohozi na homa. Kulikuwa na zahanati binafsi karibu na nyumbani, jina silitaji. Safi, vigae vinang'aa, kiyoyozi, runinga ukutani. Foleni hakuna. Aliyetupokea alivaa koti jeupe, hakusema yeye ni nani wala hakuwa na kitambulisho. Akauliza mtoto ana nini. Nikasema homa na kikohozi, na kabla sijafika kueleza kwamba anasumbuka kunyonya alikuwa ameshaandika vipimo: malaria, taifodi, mkojo, damu. Mtoto akachomwa, akalia mpaka sauti ikakauka. Majibu yakaja: malaria hakuna, taifodi ipo, UTI ipo. Tukapewa chupa nne za dawa za maji na bili iliyopita elfu 90. Yule mtu hakumgusa mwanangu. Hakumvua fulana, hakumsikiliza kifua. Alikuwa anaongea na karatasi.

Tukarudi nyumbani tukampa dawa kwa saa, kama tulivyoelekezwa. Usiku wa pili mtoto akagoma ziwa kabisa. Pua zinapanuka kila akivuta pumzi. Mume wangu akaita gari, tukakimbilia hospitali ya rufaa ya mkoa. Nesi wa mapokezi hakuuliza hata kadi. Alimpandisha fulana, akatazama saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima akiwa kimya, halafu akasema, "Mama, mbavu zinaingia ndani, huyu anahitaji oksijeni sasa hivi." Akambeba yeye mwenyewe mpaka ndani. Ilikuwa nimonia. Tulilazwa, na kwa rehema za Mungu mwanangu alipona, sasa anakimbia na mwenzake.

Nesi yule alikuwa na saa ya mkononi na macho yake tu. Kule kwenye vigae walikuwa na maabara nzima. Kwa hiyo mleta mada, usiniulize polikliniki au serikali. Niulize nani anamvua mtoto fulana.

Kibo10

Pole sana mama pacha. Kwa nini hukuwaripoti?

mama_pacha

Kwa nani, kaka? Risiti ilikuwa imeandikwa "huduma" tu. Daktari hakuandika jina.

Tabibu wa Kata

Pole dada. Aliyofanya yule nesi ndiyo tunayofundishwa sote. Wazazi, hesabuni pumzi mtoto akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Kifua kinachozama anapovuta pumzi, au mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea hadi haamki vizuri: huyo si mgonjwa wa magonjwa madogo, usipitie popote njiani, nenda hospitali.

Na hiyo taifodi. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kupima taifodi, kinatafuta kinga za mwili, hakimtafuti kijidudu mwenyewe. Mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu vya jamii hiyo, kinaweza kusoma "ipo" kwa mtu mwenye mafua tu. Taifodi ya uhakika unaotesha damu, yaani inawekwa maabara vijidudu vikue ndipo vionekane. UTI vilevile, kuona chembe chache kwenye darubini si ugonjwa, na mtoto mdogo mwenye homa mkojo wake unapaswa kuoteshwa. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili tatu, kwa hiyo ukipewa majibu ya "umeoteshwa" baada ya nusu saa, uliza maswali.

Chuma cha Reli

Sasa wewe ni tabibu, si daktari. Unawasahihisha madaktari kwa cheo gani? Mimi nikilipa elfu 10 nataka daktari aliyesoma miaka mitano, sio tabibu wa miaka mitatu. Hiyo ndiyo tofauti ya binafsi na serikali.

Tabibu wa Kata

Ndiyo, ni tabibu, stashahada ya miaka mitatu, na sijawahi kujiita vingine. Wagonjwa wananiita daktari kwa mazoea. Lakini usidhani ukilipa elfu 10 unamkuta daktari wa shahada. Polikliniki nyingi mtu anayekuona ni tabibu mwenzangu, wengine tulisoma darasa moja. Sheria inatutambua, na mafua na malaria isiyo kali tunatibu vizuri. Jambo la kudai ni mtu aseme yeye ni nani. Daktari yuko kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, unaweza kuuliza namba yake bila kuona haya.

Mwanakwerekwe

Na hilo neno "kliniki ya familia" mleta mada alitazame. Udaktari wa familia ni ubingwa kamili, daktari anarudi darasani miaka mingine baada ya shahada yake. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa kikiwafundisha hapo Dar es Salaam tangu miaka ya 2000, na mpaka leo ni wachache. Huyo kazi yake ni kukujua wewe na watu wako kwa miaka, bibi mpaka mjukuu. Kuandika "familia" kwenye bango hakuhitaji ubingwa. Waulize wanaye bingwa wa tiba ya familia, hata kama anakuja siku moja kwa wiki.

Kasarani Mkaazi

Hamjambo ndugu zetu wa TZ. Huku Kenya tangu Oktoba 2024 mfuko wetu wa bima ya afya, NHIF, uliondoka, ikaja SHA, mamlaka mpya ya bima hiyo. Ukishajisajili, zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vinafaa kukuhudumia bila malipo, pesa zinatoka kwa hazina ya afya ya msingi. Mimi hutumia zahanati ya karibu kwa homa ya watoto na sijalipa kumwona daktari. Shida ni ileile aliyoisema Chuma, dawa zikiisha unatumwa kwa chemisti. Lakini kadi ya mwaka ya kliniki moja singelipa. Ikifungwa utaidai wapi?

Nyamagana

Umegusa penyewe. Kulipa leo kwa ajili ya ugonjwa wa kesho ni bima, uiite kadi au uiite uanachama. Bima nchini inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa bima. Mkunazi, waulize kadi yao iko chini ya nani, na wakihama au wakifunga unarudishiwa nini. Wakupe kwa maandishi.

Fundi Saa

TIRA kwa kadi ya polikliniki? Mnakuza mambo. Saluni nayo ina kadi ya wateja.

Nyamagana

Saluni haijakuahidi kumtibu mwanao.

Chuma cha Reli

Hata bima zenyewe zinayumba. Machi 2024 hospitali binafsi ziligoma kupokea wanachama wa NHIF yetu ya Tanzania, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unalipa. Mimi nilikuwa na kadi ya NHIF mfukoni na mgonjwa mkononi, nikalipa taslimu. Na ile sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Novemba 2023, na utekelezaji wake ukachelewa.

Kibo10

Turudi kwenye mada. Mkunazi, swali langu la presha na sukari hujalijibu.

Mkunazi

Nilipita pale polikliniki leo nikauliza. Daktari wa shahada yupo jioni tu, saa nyingine ni tabibu, na aliyekuwepo alijitambulisha vizuri. Kadi inachukua watu watano, wa sita ni nyongeza ya 30,000. Bingwa wa familia hawana. Kuhusu kurudishiwa hela ikifungwa, dada wa mapokezi alisema atamuuliza meneja.

Kibo10, mimi na mke wangu hatuna presha wala sukari. Ila mama yangu anahamia kwetu mwezi ujao kutoka Singida, yeye ana vyote viwili, presha na sukari. Ana miaka 67.

Kibo10

Mkuu, hilo ndilo lingekuwa la kwanza kwenye uzi wako. Mama ndiye atakayekwenda kwa daktari kuliko nyote. Kila mwezi presha, sukari, dawa, miguu kuangaliwa, macho kila mwaka. Kadi iliyohesabiwa kwa mafua ya watoto haitamtosha mzee.

Tabibu wa Kata

Mama mpeleke kliniki ya presha na sukari serikalini, kituo cha afya kinachoifanya au hospitali ya wilaya. Ulizia siku yao, wengi wana siku maalumu ya wiki. Ana zaidi ya miaka 60, kuna dirisha la wazee, na sera ya msamaha ipo kwa wazee wasiojiweza, ila anza mapema kufuatilia kitambulisho chake serikali ya mtaa. Na aje na daftari lake la Singida na dawa zenyewe kwenye pakiti zake, si majina ya kukumbuka.

mama_pacha

Na mumuandikishe mama popote mtakapoandikisha watoto. Faili moja mahali pamoja. Nilichojifunza mimi ni kuchagua mtu, sio jengo. Nina tabibu mmoja wa kike, zahanati ya kanisa, ameshawahi kuniambia "mama, hana kitu, rudi nyumbani, mpe maji, akibadilika njoo usiku wowote." Akatoza elfu 5 akatuaga. Tangu siku hiyo simwachi.

Chuma cha Reli

Elfu 5 bila dawa? Mimi ningeona nimeibiwa.

mama_pacha

Mimi niliona nimepata daktari.

Mwanakwerekwe

Chuma, hapo ndipo penye shida yetu wengi. Hata yale macho mekundu ya Januari 2024, watu walitaka dawa ya matone kwa nguvu. Ni kirusi, yanaisha yenyewe, mnanawa mikono na hamshirikiani taulo. Kuna waliouziwa matone yenye steroidi bila kupimwa jicho, na hayo jicho lenye kidonda yanalimaliza.

Fundi Saa

Mimi sina ubishi na watoto wadogo, hao wapelekwe. Nilikuwa nasema mtu mzima. Lakini hilo la mama mwenye presha limenigusa, na mimi nina mzee nyumbani Mbagala. Tabibu, hizi mashine za kupima presha nyumbani zinaaminika? Kuna za kufunga kwenye kifundo cha mkono, bei rahisi.

Tabibu wa Kata

Nunua ya kufunga juu ya kiwiko, Fundi. Za kifundo zinadanganya kirahisi mkono ukikaa vibaya. Angalia mkanda unamwenea mzee, ukimbana sana utasoma juu. Apumzike dakika tano, ameegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiongee. Pima mara mbili, andika zote kwenye daftari pamoja na tarehe. Ikirudia kusoma 140/90 au zaidi siku tofauti, mpeleke na hilo daftari.

Mkunazi

Mke wangu anasema tulipie kadi kwa ajili ya watoto na mama aende serikalini. Mimi naona nisubiri kwanza jibu la meneja kuhusu marejesho. Zahanati ya serikali nitaipitia Jumatatu asubuhi nione foleni kwa macho yangu. Cheti cha duka la dawa nimekiona, kipo, ila muda wake umeisha.

Nyamagana

Muulize muuzaji kama ameomba kuhuisha. Wengine wanasubiri ukaguzi.

Fundi Saa

Tabibu, hiyo mashine ya juu ya kiwiko nitaipata kwa shilingi ngapi Kariakoo?

Chuma cha Reli

Usinunue barabarani. Nenda maduka ya vifaa tiba, omba risiti na waranti, kisha ipeleke kituo cha afya walinganishe na ya kwao.